Chuo cha Maendeleo ya Wananchi na Lugha ya Kazi katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Katika Manispaa ya Shinyanga, mahali paitwapo Buhangija, pana chuo ambacho ni kimoja katika vyuo 54 vya namna yake nchini Tanzania, navyo huitwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Jina hili ni refu, wala halimwambii mgeni kwa urahisi ni chuo cha aina gani. Si shule ya sekondari, ingawa siku hizi wamo wanaosoma masomo ya sekondari. Si chuo cha ufundi peke yake, ingawa karakana zake ndizo zionekanazo kwanza. Wala si chuo cha elimu ya juu, kwa kuwa mtu aliyemaliza darasa la saba tu huweza kupokewa humo. Kwa sababu hiyo wenye kuhesabu shule hukipita upande mmoja, na wenye kuhesabu vyuo hukipita upande wa pili.

Maelezo haya yakusudia kuonyesha kazi ya vyuo hivi katika nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, yaani Mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako Buhangija ni kimoja, na ambako Mwanva katika Kahama na Karumo katika Wilaya ya Sengerema, ipakanayo na Geita, ni vingine vya jamii hiyo. Kazi ya kuwapa watu ufundi yajulikana na wengi. Ipo kazi nyingine isiyotazamwa sana, nayo yawahusu hasa wataalamu wa lugha: chuo cha namna hii ni mahali ambapo Kiswahili hutiwa kazini. Hapo neno hujaribiwa kama chombo kijaribiwavyo, kwa kuangaliwa kama lafaa kumfanya mtu atende jambo sawasawa bila kujiumiza. Yatakayosemwa hapa ni kwamba majaribio hayo yana thamani kubwa kwa elimu ya msamiati, na kwamba kuyapuuza ni hasara kwa lugha na hatari kwa watu.

ASILI YA VYUO

Wazo la vyuo hivi lilitoka mbali. N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mwanachuoni wa Denmark aliyezaliwa 1783 na kufariki 1872, aliona kwamba wakulima wa nchi yake walikuwa wakitawaliwa kwa elimu isiyokuwa yao na kwa lugha isiyokuwa yao, kwa kuwa shule kubwa za wakati ule zilitukuza Kilatini. Akashauri iwepo shule ya watu wazima wa vijijini, isiyo na mitihani, itakayofundisha kwa lugha ya watu wenyewe. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na Sweden ikafuata mwaka 1868. Yafaa likumbukwe jambo hili, kwamba tangu mwanzo wake chuo cha wananchi kilikuwa shauri la lugha sawa na kilivyokuwa shauri la elimu.

Tanzania ilikuwa na sababu zake za kulipokea wazo hilo. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya wajumbe wa Tanzania kwenda kuzitazama shule hizo katika nchi za Ulaya ya Kaskazini, vyuo vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Sweden. Vingi vya kwanza viliwekwa katika majengo yaliyokuwapo, kama vile vituo vya mafunzo ya wakulima na vya ushirika. Shabaha ilikuwa kwamba kijiji kimchague mtu wake, kimpeleke chuoni, naye akirudi awe seremala au mwashi au mshonaji wa kijiji kile kile.

Msaada wa Sweden ulipokoma katika miaka ya 1990, vyuo viliingia katika taabu. Majengo yalichakaa, zana zikawa chache, na mwanafunzi aliyepelekwa zamani na kijiji chake akawa sasa hujilipia karo. Vilikuwa kwanza chini ya Wizara ya Elimu, vikahamishiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, na mwaka 2017 vikarudishwa chini ya Wizara ya Elimu. Baada ya hapo majengo ya vyuo vingi yalikarabatiwa. Kuhamahama huko kwaeleza kwa nini watu wengi hawajui vyuo hivi viwekwe katika fungu gani.

NCHI NA WATU WAKE

Nchi inayotajwa hapa ni ya Wasukuma kwa sehemu kubwa, pamoja na Wasumbwa, Wazinza na wageni wengi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na watu zaidi ya 2,200,000, na Mkoa wa Geita, uliofanywa mwaka 2012 kwa kukata sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, ulikaribia 3,000,000. Utajiri wa zamani ulikuwa ng'ombe na pamba. Mwaka 1940 Mkanada mmoja aliyekuwa mtaalamu wa miamba, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, nayo ikaifanya Shinyanga ijulikane duniani. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu zama za Wajerumani. Mgodi wa kwanza mkubwa ulifungwa katika miaka ya 1960, na mgodi wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009, ambao uchimbaji wake umekwisha. Kando ya migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo kwa maelfu, wenye leseni na wasio na leseni, wanaochimba kwa sururu, moko na baruti.

Kiswahili kilifika huku kwa njia nyingi, lakini njia moja yastahili kutajwa kuliko zote. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1973 Tanzania, kwa kusaidiwa na UNESCO, ilifanya jaribio la kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, nayo ilikuwa Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Makao ya jaribio yalikuwa Mwanza. Watu wazima hawakufundishwa kusoma kwa hadithi za watoto: mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya uvuvi, na mwenye migomba kwa maneno ya migomba. Hapo ndipo Kiswahili kilipoanza kuingia katika vijiji vya Usukuma kikiwa lugha ya kazi iliyoandikwa. Katika miaka ya 1970 likatolewa na gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili waliojua kusoma wasisahau. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilichokuja mwaka 1975 kilikuwa hatua iliyofuata hiyo ya kisomo, kwa kuwa aliyekwisha kujua kusoma alitakiwa apewe jambo la kufanya kwa kusoma kwake.

KAZI YA CHUO

Mafunzo ya vyuo hivi kwa kawaida ni ya namna mbili. Yako ya muda mrefu, ambayo huchukua mwaka mmoja au miwili, na ya muda mfupi, ambayo huchukua majuma au miezi. Masomo ni useremala, uashi, ushonaji, umeme wa majumbani, uchomeleaji wa vyuma, ufundi wa magari, upishi, kilimo na ufugaji, kwa kadiri ya walimu na zana zilizopo. Tangu VETA ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na kuweka viwango vya ufundi stadi, vyuo hivi navyo vimefuata polepole, hata mafunzo yao mengi hupimwa sasa kwa viwango hivyo.

Wapo wanafunzi ambao bila chuo cha namna hii wasingalikuwa na mahali pengine. Hesabu za afya na uzazi zilizochukuliwa mwaka 2010 ziliuweka Mkoa wa Shinyanga mbele ya mikoa yote kwa wingi wa wasichana walioolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Msichana aliyepata mimba alitolewa shule, wala hapakuwa na njia ya kurudi katika shule za kawaida za serikali mpaka amri ya Novemba 2021. Chuo cha wananchi hakikuwa na katazo hilo. Shirika la Karibu Tanzania lilianzisha pamoja na vyuo mpango wa kuwapokea wanawake vijana wa namna hii, wasome masomo ya sekondari na ufundi, huku watoto wao wakitunzwa chuoni hapo hapo. Mpango huo umeitwa Elimu Haina Mwisho, jina lile lile la gazeti la vijijini la miaka ya 1970. Msemo uliokuwa wa wazee waliojifunza kusoma uzeeni umekuwa sasa wa mama wa miaka 17.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba chuo chaweza yote. Dhahabu ina mvuto wake. Ikisikika kwamba mahali fulani pametoka dhahabu, vijana huhama kwa mamia, na fundi aliyefunzwa kwa ajili ya kijiji huonekana katika mji mpya wa machimbo akijenga vibanda au akichomelea mitambo. Wazo la mwaka 1975, kwamba mtu arudi alikotoka, limevunjika kwa sehemu kubwa. Lakini ufundi haukupotea. Umehama pamoja na mwenyewe. Tena migodi mikubwa hutakiwa na sheria za siku hizi itumie kazi na bidhaa za Watanzania, kwa hiyo mshonaji wa sare, mpishi na seremala wamepata soko ambalo waanzilishi wa vyuo hawakulifikiri.

LUGHA TATU ZA KARAKANA

Sasa ifikiriwe hali ya kijana atokaye kijiji cha Usukuma na kuingia karakana ya chuo. Nyumbani amesema Kisukuma, na Kiswahili amekipata shuleni. Kisukuma kina irabu saba, kina mkazo wa sauti wa kupanda na kushuka ubadilishao maana, na kina sauti za puani zitokazo kwa pumzi tupu, kama ile iandikwayo katika jina la Wilaya ya Nyang'hwale, ambazo Kiswahili hakina. Kwa upande mwingine hakina r ya Kiswahili wala dh wala th. Kwa hiyo hata neno dhahabu, ambalo ndilo sababu ya watu wengi kukaa katika nchi hii, husikika mara nyingi zahabu. Makosa haya ya matamshi huchekwa na watu wa pwani, lakini hayana uzito katika kazi. Uzito uko katika maana.

Mwanafunzi huyo hukutana na Kiswahili cha namna tatu. Cha kwanza ni kile cha maandishi, cha kamusi na mitaala, pamoja na istilahi zilizotungwa na wataalamu. Cha pili ni Kiswahili cha karakana, kilicho mchanganyiko wa maneno ya zamani na mapya. Humo mna karakana yenyewe, neno la Kiajemi. Randa, lililokuja kwa njia ya Bara Hindi. Bomba, la Kireno. Msumeno, ambalo hata mtoto aona meno yake ndani yake. Na spana, fyuzi, swichi na gereji, za Kiingereza. Cha tatu ni Kiswahili cha machimbo, ambacho wanafunzi wengi huja nacho, kwa kuwa wamepata kuchimba, au ndugu zao huchimba. Zaidi ya hizo tatu kuna Kiingereza cha vitabu vya rejea na cha maandishi yaliyobandikwa juu ya mitambo na mitungi ya dawa.

Mwalimu wa chuo ndiye awezaye kuzipatanisha, na hufanya hivyo kila siku bila kuitwa mtaalamu wa lugha. Mfano mmoja wa umeme watosha. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilieneza chanya na hasi kuwa istilahi za pande mbili za umeme. Katika karakana mafundi husema waya wa moto. Mtu aweza kufikiri kwamba usemi wa fundi ni wa mtaani na wa mwanachuoni ndio sahihi. Lakini katika umeme wa majumbani mkondo hugeuka mara nyingi katika kila sekunde, wala hakuna waya ulio chanya daima. Upo tu waya uwezao kuua na waya usioua kwa kawaida. Fundi amesema kweli, tena ameionya mikono ya mwanafunzi wake kwa neno moja. Chanya na hasi zina mahali pake, katika betri ya gari. Na mwalimu mwema humfundisha mwanafunzi yote mawili, na mahali pa kila moja.

MANENO YA MACHIMBO

Msamiati wa wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga wastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa hautokani na baraza lolote, na mwingi wake hueleweka toka machimbo hata machimbo.

Duara, wingi maduara, ni shimo la kuchimbia. Katika Kiswahili cha shule duara ni umbo la mviringo. Kamusi za zamani za pwani huongeza maana ya gurudumu na ya chombo kizungushwacho ili kuvuta mzigo. Yawezekana shimo lilipata jina kwa mviringo wa mdomo wake, au kwa chombo cha kuvutia mawe kilichowekwa juu yake. Kwa vyovyote iwavyo, neno la hesabu limekuwa neno la mali, kwa maana mwenye duara ni mtu wa cheo.

Mwamba ni mfano wa maana iliyosafiri kutoka baharini. Kwa mvuvi wa pwani mwamba ni jabali la baharini liogopwalo na vyombo; kwa mchimbaji ni jiwe lenye dhahabu, litafutwalo chini ya ardhi. Mwalo nalo ni neno la Ziwa: ni mahali pa kutua mitumbwi. Kwa wachimbaji mialo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Huenda kilichounganisha maana hizi mbili ni maji yenyewe, kwa kuwa mchanga hauoshwi pasipo maji, na aliyeosha kwanza alikwenda ufuoni.

Matimba na karasha yametoka katika Kiingereza. Matimba ni magogo na mbao za kushikilia kuta za shimo zisiporomoke. Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Yatazamwe jinsi Kiswahili kilivyoyapokea. Neno la kwanza limeingizwa katika ngeli ya ma-, na la pili limevunjwa konsonanti zake mbili za mwanzo kwa irabu, kisha likapewa wingi wake, makarasha. Hakuna aliyeamuru hivyo; ni sheria za lugha zilizofanya kazi yenyewe katika vinywa vya watu ambao wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya pili.

Marudio ni la ajabu zaidi kwa uzuri wake. Shuleni ni kurudia somo. Machimboni ni mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja, unaochukuliwa tena ili dhahabu iliyobaki itolewe kwa dawa kali. Neno hili halikuazimwa kokote. Limetoka katika kitenzi rudi, kwa njia ya kawaida ya Kiswahili, na lasema jambo zima kwa silabi nne. Ni shida kupata istilahi iliyotungwa mezani yenye ufupi na uwazi wa namna hiyo.

Wala si mara ya kwanza nchi hii kuipa Tanzania maneno. Ngitili, jina la Kisukuma la malisho yaliyotengwa ili nyasi na miti viote, liliingia katika maandishi ya serikali kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Sungusungu, ambalo katika Kiswahili ni jina la wadudu wakali waendao kwa makundi, lilipata maana ya walinzi wa kijiji katika nchi za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na likaenea nchi nzima. Nchi iliyodhaniwa kuwa mpokeaji tu wa Kiswahili imekuwa mtoaji.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Yaweza kuulizwa kama haya si mambo ya kupendeza tu kwa wakusanyaji wa maneno. Jibu laonekana katika mashimo yenyewe. Mwaka 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, Wilaya ya Kahama, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Januari 2017 watu 15 walifukiwa Nyarugusu, Geita, wakaokolewa wote baada ya siku tatu. Si wote wafukiwao huokolewa hivyo. Katika hali kama hizi matimba si kitu cha isimu, ni uhai. Afisa aandikaye tangazo la usalama na kusema kwamba mihimili iwekwe kwa kufuata vipimo, asitaje matimba, ameandika Kiswahili kizuri, lakini huenda aliyekusudiwa asijue kwamba ameambiwa yeye. Na mchimbaji asemaye matimba tu, bila kujua vipimo vyake, ana neno lakini hana elimu yake. Chuo ndicho kiwezacho kuviunganisha viwili hivyo, neno la mchimbaji na kipimo cha mhandisi.

Ndivyo ilivyo kwa zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia ili kukusanya chembe za dhahabu, kisha huichoma juu ya moto, na moshi wake huingia mapafuni bila harufu ya kumwonya mtu. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake. Neno zebaki, lenye asili ya Kiarabu, ni la zamani katika kamusi zetu, na wachimbaji walijua vema. Lakini wanalolijua ni jina la kitu cha faida. Kumfanya mtu alisikie neno lile lile kuwa jina la sumu si kazi ya kutafsiri mkataba tu. Ni kazi ya mwalimu aliye karibu, asemaye lugha ya watu, na aliye na muda wa kujibu maswali yao.

Iko sababu ya pili. Mwaka 2021 sheria ya nchi ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na mabadiliko yake ya mwaka 2017, iliandikwa kwa Kiingereza. Sheria za namna hii zikiandikwa kwa Kiswahili, ni lazima maneno yachaguliwe. Je, duara litaandikwa duara, au shimo la mgodi? Marudio yatakuwa marudio, au mabaki ya uchenjuaji? Kesi nyingi za machimboni ni juu ya mipaka ya maduara na wenye haki ya marudio. Mtu akisomewa sheria ambayo kitu chake hakitajwi kwa jina lake, amesomewa kwa lugha yake na bado hakuelewa. Kwa upande mwingine sheria haiwezi kupokea kila neno la mtaani, kwa kuwa neno la machimbo huweza kuwa na maana tatu katika vilima vitatu. Hakuna njia ya kulitatua jambo hili ila kwenda kusikiliza, kuandika, na kulinganisha.

MWISHO

Kuna hatari mbili zinazokikabili chuo cha wananchi katika kazi hii ya lugha. Ya kwanza ni kwamba, kwa kutafuta heshima, chuo kiige vyuo vya juu na kukimbilia Kiingereza, ili cheti chake kionekane kizito kwa waajiri wa migodi mikubwa. Haikatazwi kumfundisha fundi maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa juu ya mtambo, yampasa ayajue. Lakini mtu mzima aliyekuja na elimu ya darasa la saba, akifundishwa kazi kwa lugha asiyoijua, atakariri maneno na kuikosa kazi. Hapo chuo kitakuwa kimewafungia mlango wale wale waliojengewa. Hatari ya pili ni ya wataalamu wa lugha wenyewe, wanaodhani kwamba istilahi hutungwa mjini na kupelekwa shamba, wala hawafikiri kwamba huweza kuvunwa shamba na kuletwa mjini.

Mambo yafaayo kufanywa si makubwa, wala hayahitaji fedha nyingi. Walimu wa karakana za Buhangija, Mwanva, Karumo na vyuo vingine waweza kuombwa waandike orodha ya maneno wanayoyatumia kila siku, pamoja na mfano wa sentensi na jina la mahali neno lilikosikika. Wanafunzi waliopata kuchimba waweza kuwa mashahidi wa maneno ya machimbo. Orodha hizo zikilinganishwa, zitaonyesha neno lipi limeenea na lipi ni la kilima kimoja tu, lipi lina maana moja na lipi lina maana nyingi. Baraza la Kiswahili na watunga kamusi watakuwa na msingi wa kuchagulia, na waandikao sheria, mitaala na matangazo ya usalama watajua wanasema na nani.

Mwaka 1968 waliotunga vitabu vya kisomo katika nchi hii walianza kwa kuuliza mkulima wa pamba hutumia maneno gani shambani, kisha ndipo wakaandika. Sasa shamba limezungukwa na mashimo, na mwana wa mkulima yule yumo ndani ya duara. Swali linalotakiwa ni lile lile, na chuo cha kuliulizia kipo.